Uzi: Kapteni Mdachi aliyechora kikosi chake mwenyewe. Michoro ya Adolph Metzner, Rejimenti ya 32 ya Indiana, 1861–1864

#1 Mpigachapa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ninaishi Louisville, Kentucky, mji ambao siku hizi mtu anaweza kununua unga, kusuka nywele na kubishana na mwenye nyumba kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu ya ndugu zetu wengi waliotoka Kongo. Mwezi uliopita mvua ilinikuta katika barabara ya Main, nikaingia katika jumba la makumbusho la Frazier kwa nia ya kujikinga tu, na humo ndani nikakutana na jiwe ambalo limeninyima usingizi tangu siku ile. Ni bamba nene la mawe ya chokaa. Juu yake amechongwa tai aliyekunjua mabawa, akiwa amekanyaga mizinga na kuzungukwa na bendera, na chini ya tai kuna maandishi yaliyoanza kumomonyoka ambayo kwa mbali nilidhani ni Kiingereza cha kale. Nilipokaribia nikaona kwamba ni Kijerumani.

Jiwe hilo lilichongwa Januari 1862 na askari asiye na cheo aliyeitwa August Bloedner, kwa ajili ya wenzake zaidi ya kumi waliouawa tarehe 17 Desemba 1861 mahali panapoitwa Rowlett's Station, karibu na Munfordville, hapahapa Kentucky. Mwaka 1867 lilihamishiwa makaburi ya Cave Hill pamoja na mabaki ya marehemu, na mwaka 2008 likaondolewa huko kwa sababu mvua na baridi vilikuwa vinalimaliza. Wataalamu wanalihesabu kuwa kumbukumbu kongwe kuliko zote zilizosalia za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yaani vile vya serikali ya Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyoasi ili kulinda utumwa. Hebu fikirini jambo hilo: vita vya Wamarekani, kumbukumbu kongwe kabisa, na haisomeki kwa Kiingereza.

Nilipotaka kujua hao walikuwa watu gani ndipo nilipofika kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Kikosi chao kilikuwa Rejimenti ya 32 ya Indiana, kilichoundwa Agosti 1861 katika kambi ya Camp Morton, Indianapolis. Watu wake walikuwa wahamiaji wa Kijerumani waliojitolea, maofisa wao walikuwa Wajerumani, na amri zilitolewa kwa Kijerumani. Miongoni mwa maofisa hao alikuwamo kijana mmoja mfamasia, Adolph Metzner, aliyezaliwa mwaka 1834 na kuhamia Marekani mwaka 1856. Aliingia akiwa luteni, akatoka akiwa kapteni, na katika miaka yote mitatu ya utumishi wake hakuacha kuchora. Alichora kwa penseli, kwa wino na kwa rangi za maji: kambi, mito, maofisa wenzake aliowageuza vibonzo, na baadaye maiti. Michoro hiyo ilitunzwa na ukoo wake kwa vizazi kadhaa, na sasa iko katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, ambako mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuitazama.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Magazeti ya wakati ule yalikuwa yamejaa vibonzo vya Wajerumani: mnene, mlevi wa bia, asiyejua kutamka Kiingereza. Metzner naye aliwachora Wajerumani kwa kuwachekesha. Je, ni kitu kilekile? Mimi nasema hapana. Sijawahi kuona mfano ulio wazi kuliko huu wa tofauti iliyopo kati ya kuchekwa na jirani na kutaniwa na ndugu yako.

#2 BintiPangani

Ahsante kwa uzi, Mpigachapa. Marehemu bibi yangu hakupata kusema "Mjerumani" hata siku moja, yeye alisema "Mdachi", na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Kwa hiyo nina maswali mawili, na naomba usinione mkorofi. Kwanza, Wadachi tuliowajua sisi walitufikia miaka ya 1880 wakiwa na mikataba mkononi na bunduki nyuma yake. Hao wa Indiana ni walewale? Pili, mtu amekimbia matatizo kwao, amefika ugenini, amepata kazi. Kwa nini ajiandikishe kwenda kufa katika ugomvi wa wenyeji?

#3 Mpigachapa

BintiPangani, maswali yako yana haki ya kujibiwa kwa urefu.

Neno kwanza, kwa sababu limenifurahisha. Wamarekani wa karne ya 19 nao hawakuwaita watu hawa Wajerumani. Waliwaita "Dutch", neno lenye asili moja na "Deutsch" ambalo Wajerumani hujiitia wenyewe. Mdachi wa bibi yako na "Dutch" wa Indiana ni maneno ya ukoo mmoja.

Lakini watu hawakuwa walewale. Wengi wa viongozi wa kikosi hiki walikuwa wamepinga watawala wa Kijerumani kwa silaha, wakashindwa. Mwaka 1848 na 1849 yalizuka mapinduzi katika falme nyingi za Kijerumani, watu wakidai katiba na jamhuri, na majeshi ya wafalme yakayazima. Walioshindwa wakatawanyika: Uswisi, London, kisha Marekani. Kamanda wa Rejimenti ya 32, Kanali August Willich, ndiye mfano wao mkubwa. Alizaliwa mwaka 1810 huko Prussia, mmojawapo wa falme hizo, akawa ofisa wa jeshi la mfalme, akaacha kazi kwa sababu ya siasa zake, na katika maasi ya Baden mwaka 1849 akaongoza kikosi cha wapiganaji wa kujitolea ambamo msaidizi wake wa karibu alikuwa Friedrich Engels, ndiyo, Engels huyohuyo, mwenzake Karl Marx katika ukomunisti. Huko London aligombana na Karl Marx kwa sababu alimwona Marx amepoa mno, hata akamtaka wapigane kwa silaha, mmoja kwa mmoja. Marx hakukubali. Miaka mingi baadaye Marx mwenyewe aliandika kwamba vita vya Marekani vilionyesha kuwa Willich alikuwa zaidi ya mtu wa ndoto. Alipofika Marekani mwaka 1853 alifanya kazi ya useremala katika karakana ya meli Brooklyn, kisha akahariri gazeti la Kijerumani Cincinnati.

Mtu wa namna hiyo hakuona kwamba huo ulikuwa ugomvi wa wenyeji. Kwake mwenye watumwa na mfalme walikuwa kitu kimoja, na hii ilikuwa nafasi ya pili ya vita alivyokwisha kushindwa mara moja. Sitaki lakini kuwafanya wote malaika wa uhuru. Askari asiye na cheo alilipwa dola 13 kwa mwezi, na kwa fundi aliyekosa kazi hizo hazikuwa kitu kidogo. Aidha, sheria ya Julai 1862 ilimruhusu mgeni aliyemaliza utumishi wake kwa heshima kuomba uraia baada ya kuishi nchini mwaka mmoja tu. Waliozaliwa Ujerumani waliotumikia jeshi la Kaskazini walikuwa karibu 200,000, na katika umati wa namna hiyo kila mtu ana sababu yake mfukoni.

Na kuna sababu moja ambayo haitajwi sana, nayo ni ya mji huu ninaoishi. Tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi, makundi ya wafuasi wa chama kilichowachukia wahamiaji yalivamia mitaa ya Wajerumani na Waireland hapa Louisville, yakachoma nyumba na kuua watu wasiopungua 22. Miaka sita baadaye Wajerumani wanakuja Kentucky wakiwa na sare za jeshi la taifa na bunduki halali, wanalinda daraja la reli ya Louisville na Nashville lililovunjwa na waasi kwenye mto Green, wanashambuliwa na wapanda farasi wa Texas, wanasimama imara, na kanali wa Texas, Benjamin Franklin Terry, anauawa. Kisha wanachonga jiwe, na hawaombi radhi kulichonga kwa lugha yao.

#4 MzeeWaKorogwe

Nimesoma kwa makini, na sina ugomvi na historia uliyoieleza. Ugomvi wangu uko kwenye michoro. Wakati huo upigaji picha ulikuwapo. Kwa nini tujisumbue na penseli ya mfamasia ambaye angeweza kuongeza tumbo hapa na kupunguza pua pale kadiri alivyopenda, ilhali kuna picha ambazo hazisemi uongo? Kibonzo ni maoni ya mchoraji. Ushahidi ni kitu kingine.

#5 KalamuYaRisasi

Mzee wangu, shikamoo. Nafundisha sanaa ya uchoraji katika shule ya sekondari, kwa hiyo hapa nitavunja kimya changu.

Picha za wakati ule zilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilipaswa kutumika na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Mpiga picha alitembea na gari la farasi lililokuwa chumba chake cha giza. Mbele ya kamera mtu alitakiwa kutulia kwa sekunde kadhaa. Akicheka, uso unafutika. Ndiyo maana askari wote wa vita vile wanaonekana kama waliotoka msibani. Hakuna picha ya askari akianguka kwenye tope, akikimbizana na nguruwe wa mtu, au akikaza uso ili asicheke mbele ya kanali. Kamera ya 1862 haikuweza kuona mwendo, na maisha ya kambi ni mwendo mtupu. Penseli iliweza.

Na huo usemi kwamba picha haisemi uongo, naomba tuuweke pembeni. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, Alexander Gardner na wenzake walipiga picha maarufu ya mdunguaji wa Kusini aliyelala amekufa kati ya mawe. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mchunguzi wa picha, William Frassanito, alilinganisha picha zao na kuonyesha kwamba maiti ileile ilipigwa picha mahali pawili: waliibeba, wakailaza kati ya mawe, wakaegemeza bunduki kando yake. Mchora vibonzo anapoongeza tumbo kila mtu anaona kwamba ameongeza. Huyu aliyebeba maiti alitaka tuamini kwamba hakugusa kitu.

Kuna hatua nyingine ambayo wengi hawaijui. Magazeti ya picha ya New York yalikuwa na wachoraji wao vitani, watu hodari kama Alfred Waud, lakini gazeti halikuweza kuchapa mchoro wa penseli moja kwa moja. Mchoro ulipelekwa ofisini, ukanakiliwa juu ya gogo la mti mgumu lililoundwa kwa vipande vilivyokazwa pamoja kwa skrubu. Kisha vipande vikafunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, mmoja anachonga mawingu, mwingine farasi, mwingine nyuso, halafu vikaunganishwa tena. Nyuso za askari mnazoziona katika magazeti yale hazikuchongwa na mtu aliyewahi kuwaona askari hao. Michoro ya Metzner haikupitia mikono hiyo. Mstari unaouona ndio mstari alioupiga yeye, akimtazama mtu ambaye jioni ile angekula naye.

#6 AfandeMstaafu

Nawasalimu wote. Mimi nimevaa sare kwa miaka 22 na sijui kuchora hata kuku, lakini kuhusu vibonzo nina la kusema.

Tukiwa makuruti alikuwapo kijana mmoja aliyechora wakufunzi wetu kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa jiko. Mkufunzi mmoja aliyekuwa na shingo ndefu alichorwa twiga mwenye filimbi. Siku moja akapita pale, akasimama, akatazama muda mrefu hadi sisi tuliokuwa tukimenya viazi tukaacha kupumua. Kisha akasema, "Filimbi iko upande usio wake," akaenda zake. Kuanzia siku ile tungemfuata popote. Ningeambiwa kwamba raia wa mtaani ndiye aliyemchora vile, tungemtafuta raia huyo usiku uleule.

Kwa hiyo naafikiana na mwenye uzi. Na ninaongeza kwamba mchoraji mwenyewe anapokuwa ofisa, kuwepo kwa michoro ya namna hiyo kunaonyesha kikosi chenye afya. Kikosi kinachoogopana hakichorani.

Naomba pia Mpigachapa atusimulie habari ya kwata pale Shiloh, maana niliwahi kuisikia kwa mkufunzi na sikujua kama ni kweli.

#7 Mpigachapa

Ni kweli, Afande, na ndiyo habari inayosimuliwa zaidi kuhusu Willich.

Ilikuwa tarehe 7 Aprili 1862, siku ya pili ya mapigano ya Shiloh, Tennessee. Rejimenti ya 32 ilikuwa mbele kwenye uwanja wazi, risasi zikaja kwa wingi, na mistari ikaanza kuyumba. Askari wakaanza kufyatua ovyo. Willich akapanda farasi wake hadi mbele ya watu wake, akawageukia wao na kumpa adui mgongo, akasimamisha ufyatuaji, akaanza kuwaendesha kwata ya bunduki kama vile wako uwanjani Camp Morton siku ya gwaride: begani, chini, begani. Wakati huohuo bendi ya kikosi ilikuwa inapiga wimbo wa mapinduzi ya Ufaransa. Walipotulia akawaamuru waendelee kupigana, wakaendelea. Mtu asiyejua jeshi anaweza kuona ni kichaa. Nadhani wewe huoni hivyo.

Maisha ya kikosi hiki yalikuwa na mambo yake mengi ya aina hiyo, na ndiyo yanayoifanya michoro ya kambi iwe na ladha. Willich alikuwa mkali wa nidhamu ya Kiprussia, akatumia milio ya tarumbeta kupitisha amri uwanjani, na kwa upande mwingine aliwahutubia askari wake kambini juu ya ujamaa na haki za wafanyakazi. Alijenga matanuri ili watu wake wale mkate wa moto wakati vikosi vingine vinatafuna biskuti kavu ambazo askari walizivunja kwa kitako cha bunduki. Alibuni magari ya mizigo ambayo yangeweza kugeuzwa mashua za kuvukia mito. Huyo ni kamanda ambaye mchora vibonzo anapewa na Mungu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha michoro yote ikitazamwa kwa mfuatano wake. Mwanzoni, tangu mwisho wa 1861, mkono wa Metzner ni mwepesi. Ni watu wanaojaribu kuwa askari na wanajiona wenyewe wanavyochekesha: sare, kofia, majivuno ya vyeo vipya, upweke wa jioni. Hata baada ya Rowlett's Station, ambako Luteni Max Sachs alikuwa miongoni mwa waliouawa, kicheko hakikukatika mara moja. Lakini kuanzia Shiloh kinakuja kitu kingine. Waliouawa katika siku zile mbili, pande zote mbili kwa pamoja, ni karibu 3,500, na waliofika siku ya pili kama kikosi hiki walipita juu ya waliokufa siku ya kwanza. Metzner akaanza kuchora maiti, miti iliyokatwa na mizinga, na ardhi iliyochimbuka. Hachori mashujaa wanaokufa huku mkono uko kifuani, kama magazeti yalivyopenda. Anachora miili kama mfamasia anayejua mwili unakuwa nini ukiachwa juani.

Kisha ikaja Stones River. Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 1862 jeshi la Kusini liliwashambulia wakati wengi wako kwenye mioto yao wakiandaa kifungua kinywa. Willich aliangushwa na farasi wake aliyepigwa risasi, akatekwa, akapelekwa gerezani Libby, Richmond, asirudi hadi mwaka uliofuata. Septemba 1863 ikawa Chickamauga, Novemba ikawa Missionary Ridge, ambako brigedi ya Willich ilikuwa miongoni mwa zilizopanda mlima wote ilhali amri iliyokuwapo ilikuwa ya kuteka mahandaki ya chini tu. Mei 1864 Willich alijeruhiwa Resaca na hakurudi tena kwenye mapigano. Na katika miaka hiyo yote mchoraji yumo, anachora bado. Vibonzo havitoweki kabisa, jambo ambalo linanigusa kuliko maiti, lakini watu wa kuchora wanazidi kupungua.

#8 NakalaYaKwanza

Samahani kwa kuingilia mchuzi uliokolea. Mnampa kapteni huyu sifa nyingi, lakini hakuna aliyeuliza swali la kawaida: ofisa ana muda, ana hema lake, na mizigo yake hubebwa na gari. Yule anayebeba mzigo mgongoni alichora lini? Tukisema "hivi ndivyo kikosi kilivyojiona", tunasema hivi ndivyo luteni mmoja mwenye elimu alivyokiona. August Bloedner aliyechonga jiwe hakuwa na cheo, na kazi yake haina utani hata chembe.

Halafu mmewasifu Wajerumani hawa kana kwamba walikubalika baada ya hapo. Mei 1863, huko Virginia, Kikosi Kikuu cha 11, ambacho kilikuwa na rejimenti nyingi za Kijerumani, kilishambuliwa ubavuni Chancellorsville kikakimbia. Magazeti ya Kiingereza yakawalaumu "Dutch" wote kwa jumla, ingawa rejimenti nyingi za kikosi hicho hazikuwa za Kijerumani, na makamanda wa juu walikuwa wamepuuza taarifa kwamba adui anazunguka. Wale wa Indiana walikuwa Tennessee, mbali kabisa, na dhihaka ilikuwa ya Wajerumani wote. Basi hicho kibonzo cha ndugu kiliwasaidia nini?

#9 MzeeWaKorogwe

Kumbe kuna mtu mkorofi kuliko mimi. Kuhusu picha na maiti iliyobebwa nimesikia, mwalimu, nimekubali nusu.

#10 AfandeMstaafu

NakalaYaKwanza, kuhusu muda wa ofisa una haki na siwezi kukubishia. Askari wa chini akikaa chini, anashona soksi au analala. Lakini ofisa wa kombania hakai mbali na watu wake kama brigedia. Anajua nani anakoroma, nani anaandikiwa barua na nani haandikiwi. Cheo kinamzuia kuona baadhi ya mambo na kinamfunulia mengine.

Kuhusu kusaidia, sidhani kama yule kijana wetu wa mkaa alichora ili atusaidie. Alichora kwa sababu mkaa ulikuwapo.

#11 Mpigachapa

NakalaYaKwanza, nimelala na swali lako nikaamka nalo. Nakubaliana nawe kwamba nilisema "kikosi" pale ambapo nilipaswa kusema "mtu mmoja ndani ya kikosi". Nimelirekebisha kichwani.

Ila naona jiwe na michoro havishindani. Bloedner alichonga kitu cha kusimama njiani kisomwe na kila apitaye: idadi ya adui, majina, tai, bendera. Hiyo ni sauti ya kikosi kikizungumza na wenyeji, nayo ilipaswa kuwa nzito, hasa katika jimbo ambalo miaka sita kabla Wajerumani walichomewa nyumba. Metzner alichora kwenye vipande vya karatasi vya kuzungushwa mezani kati ya watu wanaofahamiana kwa majina. Mtu yuleyule anayevaa kanzu safi Ijumaa ndiye anayekaa barazani jioni amefunga shuka. Ningekuwa na jiwe peke yake, ningewajua kama mashahidi wa jamhuri. Michoro inanionyesha kwamba mashahidi hao walikuwa na pua.

Na michoro haikusaidia kitu dhidi ya magazeti, hilo ni kweli, kwa sababu magazeti hayakuiona. Ndiyo sababu mimi naiamini.

#12 MamaFizi

Bwana asifiwe, na wengine salaam aleikum. Mimi nakaa hapahapa Louisville, nimetoka Kivu ya Kusini, nikapita kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na mmoja. Mwanangu wa pili yuko katika jeshi la Marekani, alijiandikisha akiwa na miaka kumi na tisa na hakunishauri.

Niliposoma neno la BintiPangani, kwamba kwa nini mgeni aende kufa katika ugomvi wa wenyeji, nilifunga simu kwanza. Mimi ndilo swali nililomuuliza mtoto, na kwa maneno makali kuliko hayo. Alinijibu kwamba amechoka kuitwa mkimbizi. Sikuwa na jibu.

Jumamosi nilipanda basi na binti yangu mdogo tukaenda kuliona jiwe. Nilimwuliza mlinzi imeandikwa nini, akanionyesha karatasi ya tafsiri. Nilisoma mpaka mahali wanapotaja idadi ya maadui nikatabasamu, maana hata kwetu mtu akisimulia vita, adui huwa hapungui elfu. Kisha nikasoma majina yale moja moja, taratibu, nikijaribu kuyatamka. Binti akaniuliza kwa nini nayasoma kwa sauti. Nikamwambia hawa mama zao walikuwa mbali.

Mwanangu naye hunitumia vibonzo kwenye simu ambavyo wanachorana huko kambini. Kuna kimoja wamemchora yeye, masikio yamekuwa makubwa kama ya sungura. Nilikasirika sana, nikataka kujua ni nani amefanya hivyo. Akacheka, akasema, "Mama, asiyechorwa ndiye hapendwi."

Naomba kuuliza, huyo kapteni alirudi nyumbani mzima? Na alifanya nini baada ya vita?

#13 Mpigachapa

Mama, shikamoo, na ahsante kwa kufika hadi pale kwa basi.

Alirudi mzima. Waliojiandikisha kwa miaka mitatu waliruhusiwa kwenda makwao mwaka 1864, na Metzner akarudi Indiana. Waliobaki, wale ambao muda wao ulikuwa haujaisha, waliendelea hadi wakajikuta Texas mwaka 1865, katika nchi ya wale wapanda farasi waliopigana nao Rowlett's Station, na wakaachiliwa mwezi Desemba mwaka huo. Willich alifariki mwaka 1878 huko St. Marys, Ohio, akiwa mtu asiye na mke wala mtoto.

Metzner alirudia dawa zake kwanza. Lakini miaka ya 1880, akiwa na wanawe, alifungua kiwanda cha vigae vya rangi katika mji wa Hamilton, Ohio: vigae vya kung'aa, vyenye nakshi za kuinuka, vya kuzungushia mahali pa moto sebuleni. Ufamasia ulimsaidia katika kuchanganya rangi za kupaka na kuchoma, na uchoraji ukamsaidia katika mengine yote. Vigae vya kiwanda hicho wanavikusanya watu hadi leo. Baadhi yake vina nyuso za watu.

#14 KalamuYaRisasi

Nyuso! Mpigachapa, ungeanza na hilo.

Kwa wanaotaka kuiona michoro wenyewe: ingieni kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, sehemu ya picha na michoro, andikeni jina Metzner na mwaka 1861. Msiishie kwenye picha ndogo. Fungueni ile kubwa ili muone penseli ilivyosugua karatasi na mahali ambapo rangi ya maji ilikwama. Jumatatu nitawapelekea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu michoro minne bila kuwaambia ni ya nani wala ya lini, nione watasema nini juu ya aliyechora. MamaFizi, ukipata ruhusa ya mwanao, kile cha masikio ya sungura kingekuwa cha tano.

#15 MamaFizi

Nimemwuliza. Amesema nikitume, ila waambiwe kwamba masikio yake hayako hivyo.